Vipuri vya Wakati Gani?

Baiskeli ya mjomba ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, huko Muheza. Matairi yote mawili hayana upepo. Mnyororo umeshikana kwa kutu mpaka ukiuinua unabaki umenyooka kama fimbo. Ukiitazama haraka haraka ungesema ni Phoenix au Avon, ile baiskeli ya mizigo ambayo kila kijiji chetu kinaijua: keria kubwa ya nondo nyuma, mpira wa tyubu umezungushwa kwenye mishikio, magurudumu mazito.

Lakini usukani ulikuwa na kitu. Nikauangalia vizuri, kumbe ni ule uliopinda kama pembe za kondoo, wa baiskeli za mashindano, ila umegeuzwa juu chini. Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, nikasugua bomba linalobeba siti. Chini ya masizi ya miaka mingi ikatokea nembo iliyochakaa, na katikati yake tarakimu tatu: 531.

Kwa mtu asiye wa baiskeli hiyo ni namba tu. Kwa sisi wagonjwa wa vyuma vya zamani, ni sawa na kufungua sanduku la bibi ukakuta hati ya shamba. Nikakaa chini palepale kwenye mkaa. Nikaapa kwamba baiskeli hii nitaifufua, na kila kipuri kitakuwa cha wakati wake. Makala hii inahusu kiapo hicho, na jinsi kilivyonishinda mara tu nilipojiuliza swali dogo: wakati upi?

Tuanze na tarakimu. Reynolds ilikuwa kampuni ya Birmingham, Uingereza, na asili yake ni misumari. Mwaka 1897 watu wake walipata hataza ya bomba la ajabu kidogo: nje ni bomba lenye unene uleule toka mwanzo hadi mwisho, lakini ndani kuta zake ni nene kwenye ncha na nyembamba katikati. Sababu yake ni rahisi. Fremu ya baiskeli huumia zaidi kwenye maungio, pale bomba linapokutana na bomba na pale moto wa kulehemu ulipopita. Katikati hapana shida kubwa, basi kwa nini ubebe chuma usichokihitaji? Mwaka 1935 kampuni hiyohiyo ikatoa chuma kilichochanganywa manganizi na molibdenamu, ikakiita 531. Kwa miaka mingi baada ya hapo, washindi wa Tour de France na watoto wa vilabu vya baiskeli vya Uingereza walipanda mabomba ya jina hilo moja.

Chuma hicho kilikuwa na masharti. Hakikupenda moto mkali. Mafundi hawakuyaunganisha mabomba kwa kuyayeyusha moja ndani ya jingine; waliyachomeka kwenye soketi ndogo za chuma, zilizochongwa kwa ufundi, kisha wakaijaza nafasi iliyobaki kwa shaba njano iliyoyeyuka, ambayo inahitaji joto la chini kuliko chuma chenyewe. Ukizidisha moto, bomba linapoteza nguvu. Shika jambo hilo, tutalirudia tutakapofika kwenye keria.

Nembo za Reynolds nazo hazisemi kitu kimoja, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kuna ile inayotangaza kwamba fremu nzima, uma na vyuma vya nyuma vyote ni 531. Kuna nyingine, ya unyenyekevu zaidi, inayosema mabomba makuu matatu tu ndiyo 531, na vingine vyote ni chuma cha kawaida. Ya mjomba ilikuwa hiyo ya pili. Nilihuzunika kidogo siku ile. Baadaye nilishukuru.

Mbele, kwenye bomba la usukani, palikuwa na bamba lenye kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu. Raleigh, basi, kampuni ya Nottingham iliyoanza miaka ya 1880 na ambayo jina lake kwa wazee wetu lilikuwa karibu ni neno jingine la baiskeli. Namba ya fremu ilianza na N. Kwa fremu za Raleigh za katikati ya miaka ya 1970, herufi ya kwanza ni kiwanda: N ni Nottingham, W ni Worksop, walikotengeneza zile nyepesi zaidi. Herufi ya pili ni mwezi. Tarakimu inayofuata ni mwaka. Yangu ilikuwa 5. Mwaka 1975, basi. Nikadhani kazi ya historia imekwisha, imebaki kazi ya spana.

Sasa hebu tuzungumze kuhusu gia, maana mtu anayefufua baiskeli ya mashindano hulala na kuamka akiwaza gia.

Kibadili gia, kile kidude kinachosukuma mnyororo kutoka meno haya kwenda meno yale, leo tunakiona ni sehemu ya lazima. Haikuwa hivyo. Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, alikuwa na imani kwamba mashindano ni ya misuli, na gia ni za wazee. Mashine hizo ziliruhusiwa kwenye mashindano yake mwaka 1937 tu, wakati ambapo watalii wa Ufaransa walikuwa wamepanda nazo milima kwa miaka mingi. Kabla ya hapo mshindani alikuwa na meno mawili nyuma, moja kila upande wa gurudumu. Akifika mlimani anashuka, anafungua nati, anageuza gurudumu, anafunga, anaendelea.

Ndipo inapoingia hadithi ya Tullio Campagnolo wa Vicenza, Italia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927, kwenye mlima wa Croce d'Aune, theluji ilimgandisha vidole akashindwa kufungua nati za gurudumu lake, na mashindano yakampita. Hadithi za namna hii zina tabia ya kuwa nzuri kupita kiasi. Kilicho hakika ni kwamba alikuja na kifungio cha kishikizo kinachofungua gurudumu kwa mkono mmoja bila spana, akaanzisha kampuni mwaka 1933, na mwaka 1967 kampuni hiyo ikatoa kibadili gia cha Nuovo Record. Hicho ndicho kilichofungwa kwenye baiskeli za Eddy Merckx na za karibu kila bingwa wa miaka ya 1970. Ni kipande cha alumini kilichong'arishwa vizuri mno, na wamekigonga mwaka wa hataza mgongoni, kwa hiyo unasoma umri wake kama unavyosoma sarafu.

Nakiri dhambi. Nilianza kukitafuta. Nilikuwa na mwaka 1975, na vile vilivyogongwa miaka hiyo vinauzwa bado na watu wa Ulaya wanaojua thamani yake. Nilishapiga hesabu ya mshahara wa mwezi na nusu.

Kilichonizuia ni kipande cha plastiki. Chini ya matope, kwenye sikio la fremu nyuma, palikuwa pamebaki nusu ya kibadili gia cha asili. Simplex, kampuni ya Dijon, Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Simplex walianza kutengeneza vibadili gia kwa plastiki ngumu badala ya chuma. Vilikuwa vyepesi na vya bei nafuu, na viwanda vikubwa vikavinunua kwa wingi kwa ajili ya baiskeli za mashindano za watu wa kawaida. Udhaifu wake unajulikana: plastiki hiyo hupasuka kwa umri. Ya mjomba ilikuwa imepasuka vipande viwili.

Nikabaki na nusu ya Simplex mkononi, nikielewa jambo nililopaswa kulielewa mapema. Campagnolo ingekuwa kweli kwa mwaka na uongo kwa baiskeli. Hii haikuwa mashine ya bingwa. Ilikuwa baiskeli ya kijana wa Uingereza mwenye kazi ya kawaida na ndoto ya Jumapili: mabomba matatu mazuri, mengine ya kawaida, pedeli zilizofungwa kwa pini kama za baiskeli ya mkulima, gia ya plastiki. Kuivika vifaa vya Merckx ni kama kumzika mzee wa kijiji kwa suti ya waziri. Atapendeza, lakini si yeye.

Hapa nitatoka nje ya stoo kidogo, kwa sababu swali hili la vifaa vya wakati wake limewahi kuwasumbua watu wakubwa kuliko mimi.

Tarehe 25 Oktoba 1972, Merckx aliendesha kwa saa moja kwenye uwanja wa Mexico City akafika kilomita 49.431. Baiskeli yake, kazi ya Ernesto Colnago, ilikuwa ya chuma na uzito wake ulikuwa chini ya kilo 6, imetobolewatobolewa hata mnyororo ili ipungue gramu. Baada yake zikaja baiskeli za magurudumu yaliyofunikwa, za maumbo ya samaki, za mikao ya ajabu, na mwaka 1996 Mwingereza Chris Boardman akafika kilomita 56.375. Watu wakaanza kuuliza: tunapima mtu au tunapima mashine? Mwaka 2000 chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kikaamua kurudi nyuma. Rekodi ya saa ingetambuliwa kwa anayepanda baiskeli ya namna ile ya Merckx tu, na namba nyingine zote zikawekwa kando. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Boardman alirudi uwanjani Manchester kwa masharti hayo, akafika kilomita 49.441. Mita 10 tu zaidi ya Merckx. Miaka 28 ya sayansi, ukiondoa vifaa, ni mita 10.

Mfano wa pili ni wa furaha zaidi. Mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole, mkoa wa Toscana, Giancarlo Brocci alianzisha safari ya baiskeli aliyoiita L'Eroica. Siku ya kwanza walifika watu 92. Walikusudia kuziokoa barabara nyeupe za vumbi zisiwekwe lami, na waliona njia ya kuzitetea ni kuzipita kwa baiskeli zilizozizoea. Leo wanakuja maelfu, na sharti ni kali: baiskeli ya barabarani ya kabla ya 1987, vishikio vya gia viwe kwenye bomba la fremu, pedeli ziwe na vikamba vya kufungia mguu, nyaya za breki zipite nje ya usukani. Mwaka 1987 haukuokotwa. Ndiyo miaka ambayo pedeli za kubana kiatu, gia za kubonyeza na nyaya zilizofichwa zilikuwa zinaingia, na mashine ikaanza kuwa nyingine.

Nawaheshimu watu wa L'Eroica. Wameokoa vyuma vingi visiende kwenye chakavu. Ila niliposoma sharti zao nikiwa na baiskeli ya mjomba mbele yangu, niliona kwamba kila sheria ya namna hiyo imeandikwa kwa ajili ya baiskeli ambayo haikuhama. Imezaliwa Milano, imezeeka Milano, imekaa kwenye banda la babu. Vipuri vya wakati wake na vipuri vya mahali pake ni vilevile. Hii yetu ilihama.

Ninachojua kuhusu kuhama kwake ni hiki. Ililetwa na mwalimu wa Kiingereza aliyekuja kufundisha sekondari. Alipoondoka mwaka 1978 alimuuzia mjomba, ambaye alikuwa karani shuleni hapo. Miezi michache ya kwanza, nasikia, mjomba aliiendesha kama ilivyo, amevaa kaptula, usukani chini mgongo juu, na watoto wakimkimbilia nyuma.

Kisha dunia ikabana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 vita ya Kagera ikaanza. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Aliyeishi Tanzania miaka ile hahitaji kuelezwa. Asiyeishi amuulize mama yake kuhusu foleni ya sabuni. Fedha za kigeni hazikuwepo, na kisichokuwepo hakiagizwi. Mshahara wa karani ukawa hesabu kwenye karatasi. Mjomba akaanza kununua machungwa mashambani na kuyapeleka Tanga mjini, zaidi ya kilomita 30, kwa baiskeli.

Sasa tazama shida yake kwa macho ya fundi. Magurudumu ya asili yalikuwa ya inchi 27, saizi ya baiskeli za mashindano za Kiingereza za wakati huo. Matairi yalipokwisha, ya 27 angeyapata wapi? Madukani, yalipokuwepo, yalikuwa ya 28, ya baiskeli za mizigo. Kwenye ukingo wa ndani wa tairi, pale linaposhika rimu, kipenyo cha 27 ni milimita 630 na cha 28 hii ni milimita 635. Hutalivalisha moja kwenye rimu ya jingine. Lakini tofauti ya milimita 5 maana yake breki inabidi ipande milimita 2 na nusu tu. Mjomba akatoa madigadi ili tairi nene lipate nafasi, akafunga rimu za 28, akasogeza vipande vya breki juu, safari ikaendelea. Simplex ilipopasuka, akaondoa gia zote, akabakiza jino moja nyuma na moja mbele. Pedeli zilipovunjika, akaweka za Phoenix, kutoka Shanghai. Usukani akaugeuza, kwa sababu mtu mwenye matenga mawili ya machungwa hawezi kuinama. Na mwaka 1983, mwaka ule wa kampeni ya wahujumu uchumi, akapeleka baiskeli kwa fundi akalehemiwa keria ya nondo moja kwa moja kwenye fremu, maana keria ya bolti ilikuwa inalegea njiani.

Kila kitu alichokiweka kilikuwa kipuri cha wakati wake. Hakuna kosa hata moja la kihistoria. Rimu za 28 na pedeli za Shanghai kwenye fremu ya Nottingham ndiyo Muheza ya 1983, sawasawa kama Simplex ilivyo Nottingham ya 1975. Aliyekuwa anataka kuiharibu historia ni mimi, na orodha yangu ya vipuri.

Nikaipeleka baiskeli kwa fundi mmoja mzee pale Tanga, wa wale wanaosikiliza gololi kwa sikio kabla ya kufungua. Tatizo la kwanza lilikuwa nguzo ya siti. Ni ya alumini, imezama ndani ya bomba la chuma, na hewa ya bahari imefanya kazi yake: vyuma viwili tofauti vikikutana na unyevu wa chumvi, alumini hula na kuvimba mpaka inashika kama imelehemiwa. Vijana walitaka kupiga nyundo. Mzee akakataa. Akaigeuza fremu miguu juu, akamimina dizeli kupitia chini, akaiacha. Kila jioni anapita, anaigonga kidogo kwa mti, anaongeza dizeli. Siku ya kumi na moja nguzo ikazunguka.

Tatizo la pili lilikuwa vikombe vya gololi kwenye ekseli ya pedeli. Vilikuwa vimelika vibaya. Nikamweleza mzee kwa fahari kwamba baiskeli za mashindano za Kiingereza zina nyuzi 24 kwa inchi na kwamba nitaagiza vikombe kutoka nje. Akanitazama, akaenda kwenye debe lake la chakavu, akarudi na kikombe kutoka kwenye Raleigh ya mizigo ya zamani, ile nyeusi ya breki za fito. Akakiingiza kwa vidole. Kikazunguka mpaka mwisho.

Nilikwenda kusoma nikaelewa. Kiwanda cha Nottingham kilikuwa na kipimo chake chenyewe: nyuzi 26 kwa inchi, tofauti na Waingereza wengine, na walikitumia kwenye baiskeli ya mkulima na kwenye baiskeli ya kijana wa mashindano pia, ilimradi imejengwa hapohapo. Kwa hiyo baiskeli hii, hata kabla ya kupanda meli, ilikuwa ndugu wa damu na zile zilizobeba mihogo huku kwetu. Mjomba hakuilazimisha kuwa kitu ambacho haikuwa. Mzee alilijua hilo kwa vidole, mimi nikalijua kwa vitabu, naye alinitangulia kwa miaka kama arobaini.

Likabaki suala la keria.

Fundi wa 1983 alikuwa ameilehemu kwa shaba njano kwenye vile vyuma viwili vya nyuma vinavyoshuka kutoka kwenye siti hadi kwenye gurudumu. Madonge manne ya shaba, makubwa kama karanga, yamechubuka na kupata kijani. Kama vyuma vile vingekuwa 531, huenda moto ule ungekuwa umeviua. Lakini nembo ilisema mabomba matatu tu. Vyuma vya nyuma vilikuwa vya kawaida, vinavyovumilia. Ule unyenyekevu wa nembo ulionihuzunisha siku ya kwanza ndio uliookoa fremu.

Nikabaki na uamuzi. Nikiitoa keria na kusaga madonge yale mpaka pawe laini, nipake rangi, hakuna atakayejua. Ningekuwa na Raleigh ya 1975 inayoweza kusimama mbele ya mtu yeyote. Nikiiacha, nina kumbukumbu nzito ya kilo kadhaa ambayo sitaweza kuipanda kwa raha, na baiskeli isiyopandwa ni fanicha. Nilikuwa nimeshajenga hoja nzuri kichwani ya kuiacha. Nilikuwa tayari kuandika makala nyingine kabisa, kuhusu keria kama ushahidi wa jasho la mnyonge. Nikaenda Muheza kumwambia mkaza mjomba, nikitegemea atafurahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho chuma umekifikisha wapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia keria nitaiacha kwa heshima ya mjomba. Akanyamaza muda, anachambua mchele.

"Heshima gani?" akasema. "Wewe uliwahi kumkanda mgongo? Mimi nimemkanda miaka sita. Anarudi usiku, hawezi kukaa, hawezi kulala. Ile keria ndiyo iliyomwambia aongeze tenga la pili. Kabla yake alikuwa anabeba moja."

Sikuwa na la kusema.

"Alikuwa anapenda ile baiskeli ilivyokuwa mwanzo," akaendelea. "Alisema inakimbia kama imetumwa. Nyie mnataka kumwekea mzigo hata akiwa kaburini. Itoe. Ila usiitupe, niletee mimi."

Nimelifikiria jibu lile sana. Sisi tunaoandika kuhusu vitu vya zamani tuna tabia mbili, na zote mbili nilikuwa nazo ndani ya mwezi mmoja. Kwanza tunataka kitu kirudi kilivyotoka kiwandani, kana kwamba maisha yaliyofuata ni uchafu. Tukishaona aibu kwa hilo, tunageuka upande wa pili tunaabudu kovu, kana kwamba aliyeumia alilipenda jeraha. Mjomba hakuchagua keria kama mtu anavyochagua rangi. Ilimchagua bei ya sabuni. Alichokichagua mwenyewe, kwa fedha yake, mwaka 1978, akiwa na akili zake na kaptula yake, ni baiskeli ya mashindano.

Basi nikaamua hivi. Keria ilikatwa kwa msumeno wa chuma, juu kidogo ya shaba. Madonge manne yamebaki palepale. Hatukuyasaga, na mzee aliniunga mkono kwa sababu zake za kifundi: kuyayeyusha ni kuutia moto uleule mara ya pili, na chuma kilichosamehe mara moja usikijaribu tena. Rangi ya asili imebaki ilipobaki. Palipoliwa na kutu tumepaka mafuta tu. Usukani umerudi chini. Matairi ya inchi 27 bado yanatengenezwa, nikaagiza, na rimu zake tukazisuka upya kwa spoki mpya. Simplex nyingine nilipata, nzima, nayo ni ya plastiki na najua itapasuka siku moja. Vikombe vya gololi ni vya Raleigh nyeusi ya mizigo. Pedeli ni zilezile za Phoenix za mjomba, kwa sababu zinazunguka vizuri na hakuna mtu aliyezilalamikia.

Sina tarehe moja ya kuiandikia. Mtu wa L'Eroica angenirudisha mlangoni kwa sababu ya pedeli, na angekuwa na haki. Mtu wa makumbusho angeuliza keria iko wapi.

Mwezi uliopita niliipanda kutoka Tanga mpaka Muheza, njia ya mjomba kinyume, bila mzigo. Barabara leo ina lami nzuri na malori mengi. Kwenye mteremko mmoja niliacha kukanyaga, nikaisikia jinsi inavyokwenda, nikaelewa maneno ya mkaza mjomba, kwamba inakimbia kama imetumwa. Nilipofika nilimkuta nyuma ya nyumba anaosha vyombo. Keria ameisimamisha kwenye mawe manne, amepanga juu yake sufuria na sahani zinakauka juani. Ni kichanja kizuri. Alisema alikuwa anakitafuta siku nyingi.